Kikombe Kilichorudi na Kahawa Yake

Jina lake silitaji, na msidhani ni kwa heshima. Ni sitara. Muislamu humsitiri mwenziwe, ndivyo tulivyofunzwa chuoni, na mimi nitamsitiri ingawa yeye hakumsitiri aliyestahiki. Nitamwita Mkaguzi, kama mtaa wetu wote wa Ibra, huku Oman, ulivyomwita, kwa kuwa alikuwa mkaguzi wa skuli mpaka alipostaafu, na alipostaafu akaendelea kukagua kila kilichompitia mbele. Mie niliposwa mara moja tu na mtu niliyemtaka. Aliyeivunja posa ile ni Mkaguzi, na hakutumia neno hata moja. Hayo nitayafikia. Kwanza nataka mjue alikuwa mtu gani, maana nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Alipenda maduka kama wanaume wengine wanavyopenda mpira. Hakuwa mnunuzi sana. Mkewe, Bi Mkubwa, ndiye aliyejaza kabati. Yeye alikwenda kulinganisha. Akiingia duka la mchele anatia mkono guniani, anazisugua punje, anazinusa, anamwuliza muuzaji maswali ya mtihani, kisha anatoka na pakiti ya viberiti. Ndizi alizitaka za Birkat al Mauz, zile fupi nene, na ukimletea za duka kubwa aliziweka mezani akazitazama kwa huruma. Halua aliichukua kwa mtu mmoja tu wa Nizwa, na bakuli lake lilijulikana, la plastiki jeupe lenye kifuniko cha kijani. Hajapata kusafiri Mkaguzi asichukue mabakuli matatu manne ya halua ile. "Bei ni nusu ya kitu," akisema. "Nusu ya pili ni macho ya muuzaji."

Na alikuwa na mambo yake. Chupa yoyote iliyoingia mikononi mwake, ikiwa ya siki, ikiwa ya maji ya mawaridi ya Jabal Akhdar, ikiwa ya sharubati ya mwezi wa Ramadhani, lazima aifunge kitambaa kabla ya kuitia mkobani. Moja moja, taratibu, kama anayemvisha mtoto. Tukimcheka akitwambia, "Chekeni tu. Chupa mbili zikigongana, mtaa mzima una habari." Na sisi tunazidi kucheka. Mama yangu akawa kila akisikia vyombo vinagongana jikoni anapiga kelele, "Mtaa una habari huo!" Yakawa maneno ya nyumbani kwetu.

Kwani sisi na wao tulikuwa nyumba moja, ukuta tu ndio uliotenga. Wazee wetu walikuja kutoka Unguja, na ndani tulisema Kiswahili, Kiarabu tukikiacha mlangoni na viatu. Mimi nilimwita Ami, kama ndugu wa baba. Asubuhi nikitoka, "Shikamoo Ami," naye, "Marahaba mwanangu, vipi masomo?" Na hakuuliza kwa ada tu. Baba hakutaka nikasome Maskati. Alisema mtoto wa kike akae karibu. Mkaguzi akaja alasiri moja, akakaa, akanywa kahawa, akamwambia Baba, "Wewe unataka mkeo akiumwa aangaliwe na nani? Na mwanamme?" Basi. Nikaenda, nikawa mfamasia, na leo nafanya kazi hospitali Nizwa. Haya ni ya kweli na siyafichi. Mtu aliyenifungulia mlango ndiye huyo huyo.

Sasa nikwambieni habari ya soko la Jumatano. Ibra kuna soko la wanawake, siku hiyo wanaume hawaingii. Wanauza wanawake, wananunua wanawake, vitambaa, udi, mafuta, nguo za mtoto. Mkaguzi hajalitia mguu, lakini kulisimulia alilisimulia. Atakaa sebuleni kwetu atwambie wauza udi wako mlangoni, bei zao ziko juu kwa sababu hiyo, na wa vitambaa wako nyuma. Sisi wanawake tunaanguka kwa vicheko. "Wapi, Ami! Wa udi wako ndani kabisa." "Basi wa vitambaa?" "Hao ndio walio mlangoni." Bi Mkubwa anatikisa kichwa, "Mwacheni, huyo anakagua kwa masikio." Wekeni hilo akilini. Pahala asipoingia, Mkaguzi alikosea.

Mwanawe wa kwanza alikuwa Kanada, upande wa magharibi, mji wa mvua. Kila kiangazi, Ibra ikianza kuchoma, Mkaguzi hupanda ndege akakaa huko miezi miwili na kurudi na hadithi. Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya maduka ya ulevi. Mama alikuwa akiziba masikio, na haondoki.

"Kule," anaanza, anaweka kikombe chini, "ulevi unauzwa na serikali yenyewe."

"Astaghfirullah!" Mama.

"Wallahi tena. Duka kubwa, sakafu inang'ara, taa nyeupe kama hospitali. Muuzaji kavaa sare, kama karani wa posta. Hakwambii karibu, hakwambii kwaheri. Anapitisha chupa yake kwenye mashine, tiit, mwengine aje. Kila kitu kina pahala pake, cha nchi hii hapa, cha nchi ile pale. Na siku ya sikukuu wanafunga, serikali inapumzika. Sasa, mtaa wa pili yake kuna duka la mtu binafsi. Hilo dogo, limejaa mpaka darini, unapita ubavu. Bei imezidi. Lakini liko wazi hata siku za sikukuu, na mwenyewe anakuchangamkia. Goti linaendeleaje? Watoto hawajambo? Leo kuna kipya, onja."

"Na wewe umeyajuaje yote hayo?" Baba anamtania.

"Mkaguzi hafanyi mtihani, bwana. Husimama mlangoni akatazama."

Kicheko nyumba nzima. Na siku zote alimaliza kwa hukumu, kidole juu: "Bora la serikali. Duka la serikali halikujui. La mtu binafsi halikusahau."

Mie nilikuwa msichana, nikimwona ana akili za ajabu. Mtu anasimama mlangoni tu na anajua mpaka mlio wa mashine!

Kwa vijana wa watu alikuwa mkali, na hasa waliosoma nje. Kijana akirudi likizo, akija kumwamkia, Mkaguzi humkumbatia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Sisi tulijua anafanya nini. Anamnusa. Kisha anamwachia, anampiga bega, na tunasoma usoni mwake kama kijana amefaulu au ameanguka. Wazee wenye binti walimtegemea kwa hilo. Neno lake lilikuwa stakabadhi.

Salim alikuwa kijana wa Sur, watu wao nao wa Unguja, kasomea mambo ya bandari katika mji ule ule wa mwanawe Mkaguzi. Mwanawe alikuwa na kazi zake mchana kutwa, basi Salim ndiye aliyemchukua mzee kwa gari viangazi viwili, msikitini, hospitali kwa lile goti lake, bustanini, madukani. Mkaguzi mwenyewe alitwambia, "Kijana yule ana adabu, hachoki." Nilijuana naye harusini kwa binamu yake, tukawa tunaandikiana kwa simu, mambo ya heshima, Mama anajua. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwuliza jambo anafikiri kwanza. Nilimtaka, siwezi kusema vyengine, na yeye alinitaka. Watu wa Sur wakaja, wakapokewa, wakala, wakaondoka wakingojea jawabu.

Hapo ndipo inapokuja kazi ya kuulizia. Baba amwulize nani, kama si mtu aliyekaa naye viangazi viwili?

Na katika nyumba zetu kuulizia kuna adabu yake. Anayeulizwa habari ya mchumba hatakiwi kumvua mtu nguo. Akiwa na zuri atalisema. Akiwa na baya, hasemi. Anapewa kahawa, anashika kikombe, kisha anakirudisha kama alivyopewa, kimejaa, anaaga na kwenda zake. Hakuna aliyesengenya, hakuna aliyeapa uongo, na kila mtu ameelewa. Ni ada nzuri mikononi mwa watu wazuri.

Mimi na Mama tulikuwa jikoni, mlango tumeuacha na ufa. Nikamsikia Baba, "Mzee mwenzangu, kijana ni mzuri wa sura na kazi anayo. Mimi nina moja tu linalonitia wasiwasi. Kakaa nchi ile. Vipi yeye na ulevi?"

Nikasikia dele la kahawa linamimina. Nikasubiri ile sauti yake, "Kijana yule ana adabu." Nilikuwa nishaanza kutabasamu, wallahi, na mkono wa Mama nimeushika. Wapi! Kisha nikasikia, "Haya, kwaherini, nawaachieni." Na viatu.

Baba akaja jikoni na sinia kalishika mwenyewe, kazi ambayo hajapata kuifanya. Kikombe chake kitupu. Cha Mkaguzi kimejaa mpaka ukingoni, mvuke unatoka bado. "Kakirudisha," akasema. Mama akakaa chini pale pale sakafuni.

Nililia, nikabisha, nikasema aulizwe tena, aulizwe kwa maneno. Baba akaniambia, "Mwanangu, Mkaguzi anakupenda kama mwanawe. Kama pangekuwa na zuri angelisema kwa ajili yako." Na ni kweli alinipenda. Watu wa Sur wakaambiwa hapana nasibu. Nikamwandikia Salim: niambie wewe mwenyewe, ulikuwa ukinywa?  Kisha akaandika, "Sijapata kunywa. Zaidi ya hapo siwezi kukwambia kitu, na usiniulize." Mimi nikasema, mh! Mtu asiye na kitu ana kitu gani asichoweza kusema? Nikamwamini Mkaguzi. Salim akaoa Sur, ana watoto. Mimi nikapelekewa wengine, sikuwataka. Baba kafa anaamini kwamba kanikinga na mume mlevi, na katika wosia wake alimtaja Mkaguzi kwa kheri.

Miaka ikenda. Juzi hapa hospitali ikanipeleka mafunzo Kanada, na bahati ya Mwenyezi ikanitupa mji ule ule wa mvua. Mwanawe Mkaguzi keshahamia kwengine. Siku moja, baridi, sina la kufanya, nikapita mbele ya duka kubwa lenye taa nyeupe nikasimama. Nikacheka peke yangu njiani. Lile! Duka la serikali la Ami! Nikasema niingie nione tu, nikirudi Ibra nikamtanie.

Nikaingia na mtandio wangu kichwani. Sakafu inang'ara. Muuzaji kavaa sare. Cha nchi hii hapa, cha nchi ile pale. Nikazunguka duka zima nikiangalia kama mnunuzi wa haki, nikatoka, na hakuna aliyeinua macho. Mashine ikalia tiit nyuma yangu. Kila kitu sawasawa na alivyosema, hata mlio. Na mlio ule, mlangoni husikii. Nilijaribu. Mlango ni wa kioo kizito, ukijifunga umejifunga.

Nikaambiwa na moyo wangu rudi nyumbani. Sikurudi. Nikaingia mtaa wa pili.

Dogo kweli. Limejaa mpaka darini. Nikapita ubavu mpaka kwa mwenyewe, baba wa Kihindi mwenye kilemba na ndevu nyeupe. Aliponiona akatoa macho. Nikachukua soda ya tangawizi iliyokuwa karibu, nipate sababu, nikamsemesha kwa Kihindi chetu cha sokoni Maskati. Akafurahi! "Dada, umetoka wapi?" Nikamwambia Oman. Akapiga mikono.

"Oman! Ninaye mtu wangu Oman. Haji wangu. Goti lake hajambo?"

Nyuma yake, juu ya rafu, kalamu zake kazitia katika bakuli jeupe la plastiki. Kifuniko cha kijani kakiweka chini yake.

"Haji yupi?" nikasema, macho yangu kwenye bakuli lile.

"Mzee wa kofia ya kushona. Kila kiangazi. Halua yake, ah, tamu! Mwanzo alikuja siku za sikukuu tu, wa serikali wakifunga. Halafu akanizoea. Ananiambia wewe una maneno, wale mawe. Anakuja na vitambaa vyake, anazifunga chupa moja moja zisilie." Akanionesha kwa mikono. Alivyofanya kwa mikono ile, nilimwona Mkaguzi mbele yangu.

Nikamwuliza, "Akija peke yake?"

"Siku zile alikuwa na kijana. Akimwita kwa sauti, Salim! Salim! fungua gari. Mzuri yule kijana, lakini hakuingia hapa hata siku moja. Mvua inamnyea, nampigia kioo, njoo ndani, anatikisa kichwa. Nikamtolea mwavuli. Akasema ahsante, mimi namngoja mzee tu."

Nikaiacha soda pale pale. Nilikaa kituo cha basi, mabasi yakapita na watu wao, mimi nimekaa.

Kunywa ni kwake na Mola wake. Mimi si mkaguzi wa mtu. Lakini fikirini. Mtu mmoja tu ulimwenguni kwetu alikuwa anaijua siri yake, na mtu huyo alikuwa anakuja kuwa mkwe wa ukuta wa pili, ale naye futari, amwamkie kila asubuhi. Akapewa nafasi ya kumweka mbali bila ya kusema uongo hata mmoja, akaitumia. Kikombe tu. Na Salim, aliyesimama katika mvua ili asiingie, alipoulizwa na mimi akachagua kumsitiri mzee, akajiachia yeye aanguke. Mmoja alinyamaza kwa sitara, mmoja kwa khofu. Nami nilimwamini yule wa pili. Nilisalitiwa na mtu niliyekuwa nikimwombea dua pamoja na baba yangu.

Mwezi uliopita Bi Mkubwa akanipigia simu Nizwa. "Ami yako anakwenda Umra, anaomba radhi kwa majirani. Njoo mwanangu, anakutaja." Nikashika njia ya Mudhaibi siku ya Ijumaa, nikafika Ibra baada ya sala.

Kazeeka. Goti limemshinda, kanzu imemzidi mwili. Majirani walikuwa wameshatoka, tulikuwa wawili sebuleni, Bi Mkubwa jikoni akikata halua. Nikamwamkia, akaitikia, akaulizia kazi, akaulizia hospitali ya serikali na za watu binafsi, ipi bora kwa goti. Hajaacha. Akashika dele kwa mkono wa kushoto, akanimiminia, akanipa kikombe kwa wa kulia.

"Mwanangu," akasema, "safari ni safari. Nisamehe kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutokujua."

Wote waliotoka mlango ule walikuwa wamejibu tushasameheana, kama inavyojibiwa. Mimi nilikishika kikombe.

"Lipi, Ami? La kujua, au la kutokujua?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Nilikuwa Kanada," nikasema. "Muuzaji wa lile duka la binafsi anakusalimu. Anauliza goti."

Hakuapa, hakukataa, hakuniuliza muuzaji gani. Alitazama mlango wa jikoni, akarudi kunitazama mimi. "Bado ananikumbuka?" akasema, taratibu sana.

"Anakukumbuka. Na kijana aliyekuwa akisimama mvuani, naye anamkumbuka. Anasema hakuingia hata siku moja."

Midomo yake ikafunguka. Nilisubiri. Wallahi nilisubiri kwa moyo wangu wote aseme neno moja, jina la Salim tu, ningeinywa kahawa ile. Akaushika ukingo wa mto, akauachia.

Nikamrejeshea kikombe chake mkononi, kimejaa kama alivyonipa, nikainuka.

Kikombe kikamponyoka, kahawa ikamwagika juu ya kanzu nyeupe, na Bi Mkubwa akatoka na sinia la halua, bakuli jeupe katikati. "Lo! Umeungua? Mwanangu, na wewe mbona hukunywa? Imekosa hiliki?"  Mkaguzi alikuwa ananitazama mimi, macho yananiomba nisimwambie mkewe.

Nikambusu Bi Mkubwa mkono, nikavaa viatu, nikaenda zangu bila ya kusema neno, kama yeye siku ile.